Waja Leo, Waondoka Leo

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50. Mwenye kamera akiondoka alfajiri anaweza kwenda, kuzunguka na kurudi kabla ya isha. Atapita Machui, kwao Shaaban Robert. Jua litamkuta Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ambayo nguzo zake nyingi zimelala chini. Mbele kuna mashamba ya mkonge na mabanda ya viwanda yenye mabati ya rangi ya mdalasini. Adhuhuri yuko Pangani, mtaa wa Uhindini, mbele ya milango ya nakshi iliyopauka na kuta ambazo chumvi imezivua lipu. Jioni inabaki ya mto: mikoko, ngalawa, vilima vya Bweni ng'ambo, na mbega wakikubali kujitokeza. Ni mzunguko mzuri, wala sioni haya kusema kwamba nimeufanya na nitaufanya tena.

Siku hizi hauendwi na mmoja mmoja. Vijana huchangishana mafuta, wakajaza gari, kila mtu na kamera yake au simu yake, na usiku huohuo picha zishasambaa: kutu, ufa, mlango, kutu tena. Wanaozipenda ni wengi. Wanaonung'unika nao wapo, na manung'uniko yao si ya husuda. Wanauliza kama safari hizi zinautunza urithi wa vijijini au zinaupiga picha ya mazishi.

Wasemaji sita wa hapa chini ni wa kubuni, msiwatafute barazani Pangani. Hoja zao ndizo zinazosikika. Nami nimejipa ruhusa ya kudakia pale ziliponichokoza.

MPIGA PICHA: Shikamooni wazee wangu. Naomba nianze, maana mshitakiwa hupewa nafasi ajieleze. Mnatusema tunapenda vilivyooza. Sie tunapenda vilivyoishi. Bati jipya lina rangi moja tu. Bati la miaka hamsini karibu na bahari lina nyekundu, hudhurungi, manjano, hata zambarau jua likiwa chini. Mlango wa duka la vifaa unafanana na wa jirani na wa jirani yake. Mlango wa Uhindini umeshikwa na mikono mpaka mbao imelainika pale penye komeo. Mtu anayeshinda wiki nzima kati ya vioo na zege akiuona, anakumbuka kwao. Ubaya uko wapi?

MZEE WA KORONA: Marahaba, mwanangu. Kupenda hakuna ubaya. Ila hizo rangi zako mie najua zilikoanzia. Lile banda la korona, mashine ya kusindika mkonge, ulilolipiga picha asubuhi lilikuwa likipakwa rangi, na mifereji ya paa ikizibuliwa kabla ya masika. Ukafika mwaka fedha ya rangi haikuja. Mwaka wa pili haikuja. Mfereji ukaziba majani, maji yakafurika chini ya bati, matundu ya misumari yakaanza kuliwa na kutu. Hapo kwenye tundu la msumari ndipo ulipoinama na kamera yako. Wewe umeona uzee. Mie nimemwona fundi wa zamu aliyeachishwa kazi.

MPIGA PICHA: Lakini Mzee, nitampigaje picha mtu ambaye hayupo?

MZEE WA KORONA: Si ungeuliza? Nilikuwa nimekaa palepale chini ya mwembe. Mkanipungia mkono, mkapita.

MWALIMU: Niweke msingi kidogo, maana tunataja mkonge kama ulioteremka na mvua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliondoka huko ikiwa 1,000. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, kusini ya mto wetu huu, ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze dunia, na mwaka 1964 nchi ikazalisha katani zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa, na matunzo yakazidi kupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karibu na tani 20,000. Kutu anayoipiga picha huyu kijana imeandikwa katika hesabu hiyo.

MZEE WA KORONA: Mwalimu amesema tani. Ngoja niseme kazi. Mkataji anaingia shambani giza halijaisha, kwa kuwa jua likishapanda hakukaliki humo, na mwiba wa ncha ya jani haumjui mtu. Anakata, anaondoa mwiba, anafunga mafungu ya majani 30, analipwa kwa mafungu. Troli linapita kwenye reli ndogo, linapeleka kiwandani. Majani yanapangwa juu ya mkanda, yanashikwa katikati, korona inakula upande mmoja kisha wa pili. Ni gurudumu kubwa la chuma lenye visu butu, linaponda nyama ya jani huku maji yanamiminika. Katika kilo 100 za majani, katani unayoipata ni kama kilo nne. Kinachobaki ni maji na makapi ya kijani yanayonuka hata ukioga. Mke wangu alijua nimetoka zamu kabla sijapiga hodi. Katani mbichi inatolewa nje kuanikwa kwenye nyaya, uwanja mzima unakuwa mweupe, macho yanauma kutazama. Halafu brashi, halafu robota. Na kelele yake! Leo ukiniita upande wa kushoto sisikii. Baba yangu alikuja huku manamba, akitokea Songea. Wengine walitoka Kigoma, Burundi, Msumbiji. Walipewa kipande cha kazi, wakalazwa kwenye zile nyumba za safu kambini. Hizo nazo mnazipiga picha, mnasema mistari yake imenyooka vizuri.

MPIGA PICHA: Mzee, nikiandika yote hayo chini ya picha hakuna atakayesoma.

MZEE WA KORONA: Andika nusu. Lakini hata hiyo nusu hukuwa nayo, maana hukuuliza. Na ile picha yako ya milingoti ya mkonge, jua linazama nyuma yake?

MPIGA PICHA: Hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote!

MZEE WA KORONA: Mkonge hutoa mlingoti mara moja, ukishatoa unakufa. Shamba linalotunzwa lina mlingoti mmoja hapa, mwingine kule, na mkonge mpya unakuja nyuma yake. Ukiona shamba zima limesimamisha milingoti mpaka upeo wa macho, ujue hakuna anayekata humo. Nilipoiona picha yako nilisema, kumbe na lile nalo limekwisha.

Nidakie hapa. Kuna jambo linaloniudhi kuliko kutu. Mkonge haujafa. Yako mashamba yanayokatwa, ziko korona zinazounguruma, na katani inaanikwa hadi leo. Makundi mengi hupita hapo bila kusimama, yakakimbilia banda lililonyamaza. Sababu ni nyepesi: mahali panapofanya kazi pana mlinzi, pana meneja, pana barua ya ruhusa, na watu wenye shughuli ambao hawana muda wa kukaa vizuri ili wapendeze. Gofu halidai hodi. Au ndivyo tunavyojidanganya.

MAMA MWENYE NYUMBA: Hilo la hodi ndilo langu. Watu wanasema "gofu la Uhindini" na mie nimo ndani napika. Walisimama mlangoni kwangu muda mrefu. Wakaniomba nitoe ndoo, nikatoa. Wakaniomba niufunge mlango, nikaufunga, nikabaki gizani na kuku wangu. Wakamsimamisha mjukuu kizingitini, geuka hivi, tazama kule. "Bibi, picha tutakuletea." Hao ni wa mwaka juzi. Hata mmoja hakuniuliza mvua inaingilia wapi.

MPIGA PICHA: Kwa hiyo, Bibi, hupendi tupige?

MAMA MWENYE NYUMBA: Nimesema hivyo? Nani asiyependa nyumba yake isifiwe? Lakini nyie hamsifu nyumba, mnasifu ufa. Siku nikiuziba mtasikitika.

MPIGA PICHA: Wallahi sitasikitika. Ila nakuomba usije ukaweka mlango wa alumini.

MAMA MWENYE NYUMBA: Haya. Na wewe utanunua boriti?

MWALIMU: Mlango wenyewe una ulinzi wa kisheria, Bibi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Mtu hawezi tu kuung'oa na kuusafirisha nje ya nchi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Nashukuru kwa mlango. Na ukuta unaoushika?

MWALIMU: Ukuta... hilo ni gumu zaidi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Basi. Na tena mkitoka hapa mnakwenda Amboni, kwenye lile pango watu wanakopeleka shida zao, wanaacha vitambaa na marashi. Mtu amekuja kuomba mtoto, nyie mnammulika taa usoni.

MPIGA PICHA: Kule tunaongozana na mtembezaji, Bibi. Akisema hapa hapapigwi, hatupigi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kumbe mnaweza. Na Uhindini tutafutieni mtembezaji.

FUNDI CHOKAA: Mie sijui siasa za picha, najua kuta. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, yameshikizwa kwa udongo na chokaa. Zinakunywa maji na kuyatoa. Wewe ukija ukazivika saruji, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, chumvi inajazana nyuma ya lipu, na baada ya masika chache saruji inabanduka na jiwe lake. Watu wanasema nyumba imezeeka. Nyumba imezibwa pumzi. Juu kuna boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, mita mbili na nusu, tatu. Sasa ncha ya boriti imeingia ukutani, na hapo ndipo inapooza, mahali usipopaona. Kwa chini boriti inang'aa, huko ndani imekuwa unga. Siku ikishuka haiagi.

MPIGA PICHA: Na sie tumesimama chini yake tunatafuta mwanga.

FUNDI CHOKAA: Mnasimama. Nimewaona. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Unguja, jumba likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilipigwa picha na wageni miaka nenda miaka rudi. Picha hazikulishika.

MWALIMU: Picha hazishiki ukuta, kweli, lakini zinaweza kumwonyesha fundi pa kushika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo, baada ya kuta kutengenezwa na juhudi kufanywa za kuizuia bahari isiendelee kula ufuko. Watu wa Zamani Project kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town walikwenda Kilwa wakayapima magofu kwa leza na kwa picha. Jiwe likianguka leo, mtu anajua lilikuwa wapi.

FUNDI CHOKAA: Hizo ndizo picha ninazozitaka. Kijana, nisikilize. Simama uso kwa uso na ukuta, usiupige kiupandeupande. Egemeza fimbo ya mita moja ili mtu ajue ukubwa. Piga pembe zote nne. Zunguka uani, upige nyuma, maana nyumba hujipodoa mbele tu. Piga pale paa linapokutana na ukuta. Halafu mwaka ujao simama palepale, urudie. Ufa mmoja katika picha moja ni pambo. Ufa uliopanuka unene wa shilingi katika mwaka mmoja ni habari, na mie nikiipata mapema natengeneza kwa ndoo mbili za chokaa.

MPIGA PICHA: Fundi, hizo ni picha mbaya.

FUNDI CHOKAA: Mbaya kwa nani?

MPIGA PICHA: Kwa yeyote mwenye macho! Naomba nisikilizwe na mie. Mnataka nigeuke karani wa nyufa. Niamke alfajiri, nichangie mafuta, nishinde juani, nirudi na picha za fimbo ya mita moja. Nani atazitazama? Mlango wa Bibi umewafikia watu wasiojua Pangani iko mkoa gani, kwa sababu niliusubiri mpaka jua likapiga nakshi kwa ubavu, kila ua likasimama na kivuli chake. Huo si uongo, ndivyo mchongaji alivyotaka uonekane. Mtu hapimi asichokipenda. Kwanza apende, ndipo atachangia boriti. Na kuhusu gari letu la vijana: hatuvunji, hatung'oi, hatuandiki majina ukutani. Tunakula samaki hapa, tunakunywa madafu hapa, tunalipa. Wapo wenye vyeo waliopita kwenye nyumba hii bila hata kugeuza shingo.

Hapo kijana ameshika pazuri, na sitamnyang'anya. Mwanga wa ubavu juu ya mbao iliyochongwa ni elimu, tena ni heshima kwa mkono uliochonga. Mwenye kuchukia uzuri hatausaidia mji wa Pangani. Ninachokikataa ni ile tabia ya kukata picha pale maisha yanapoanzia: ndoo nje, waya wa umeme nje, Bibi ndani gizani. Ukiondoa hayo yote, mlango unabaki wa nani?

MWALIMU: Tena hata picha ya starehe ina faida isiyotarajiwa. Tazameni Maziwe, hapo nje ya mlango wa mto. Kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa hakibaki cha kukanyaga. Aliyekipiga picha kikiwa na miti hakujua kuwa anaandika historia, lakini picha yake sasa ni ushahidi. Ila kuna upande wa pili. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka nchi hii na kamera, na picha zake ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Reli unaiona, mashamba unayaona, watu unawaona wamesimama wima wakimtazama mpiga picha. Wengi wao hawana majina. Aliyejua yupi ni nani keshakufa. Nyie msirudie hilo kwa mjukuu wa Bibi.

MNUNUZI WA CHUMA CHAKAVU: Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu mie nafaidika na nyote. Mnabishana kana kwamba vitu vitangoja mmalize. Kule nyuma ya kichaka, nani alijua kuna magurudumu ya troli na vipande vya reli? Nimejua kwa picha zenu. Kijiji mmekitaja wenyewe, na simu imeweka na ramani.

MZEE WA KORONA: Kumbe ni wewe! Nimekwenda nikakuta mashimo.

MNUNUZI WA CHUMA CHAKAVU: Si mie peke yangu, Mzee, na nikinunua kwa mwenye mali nina risiti. Lakini nijibuni hili. Chuma nikikipakia kinakwenda Dar es Salaam, kinayeyushwa, kinatoka nondo, mtu anajenga chumba cha mwanawe. Huyu ndugu mwenye kamera anataka kilale pale kinyeshewe mpaka kiishe, ili apate zambarau yake. Kati yangu na yeye, nani anayekitumia?

MPIGA PICHA: Kikishakuwa nondo hakuna atakayejua kilikuwa nini.

MNUNUZI WA CHUMA CHAKAVU: Na kikishakuwa vumbi atajua?

Swali la mwenye mizani halijibiwi kwa kumkunjia uso. Mambo ya kale tumezoea kuyaona ya mawe na nakshi, na umri ukiwa mkubwa ndipo tunapovua viatu. Mashine ya kiwanda haina bahati hiyo. Ni kuukuu mno kufanya kazi na changa mno kuheshimiwa. Mie ningesema: si kila kipande cha reli kibaki. Reli ndogo zilikuwa nyingi, na nondo ni riziki. Lakini korona moja nzima, na bamba lake, na mtu mmoja anayeweza kueleza mkanda ulipita wapi, hiyo ikienda kwa kilo tumeuza kitu ambacho bei yake hatukuuliza.

MWALIMU: Tanga mjini boma la zamani limetengenezwa, limekuwa makumbusho. Mambo mengine hayahitaji kwenda Dar es Salaam kuombewa nafasi. Bamba la korona, troli moja, vipande vichache vya kazi vya wazee, mngeanza na hivyo.

MZEE WA KORONA: Kipande cha baba ninacho. Kiko ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati.

MPIGA PICHA: Mzee! Miaka yote hii?

MZEE WA KORONA: Hukuuliza, nimekwambia. Toa daftari sasa, uandike, na usiandike unavyotaka wewe. Andika: Hii ni korona. Ilitengenezwa na Robey wa Lincoln, Uingereza, soma bamba. Ilisimama siku mkanda ulipokatika na mwingine haukuletwa. Andika jina langu na kwamba nilikuwa upande wa kulishia majani. Andika na la mwenzangu wa upande wa pili, yeye ndiye aliyepoteza vidole.

MPIGA PICHA: Na kijiji?

MZEE WA KORONA: Andika wilaya. Huyu bwana wa mizani anasoma.

MNUNUZI WA CHUMA CHAKAVU: Wilaya inanitosha, Mzee. Nina pikipiki.

MWALIMU: Mimi naona kijiji kiandikwe. Wanafunzi wangu watajuaje kuwa ni hapa kwao? Tukificha kila kitu kwa kuwaogopa wezi, wenyeji ndio watakaopotelewa. Mali inayojulikana na kijiji kizima ni vigumu kuibwa usiku. Inayojulikana na wawili watatu ndiyo inayopotea.

MZEE WA KORONA: Mwalimu, ulikuwepo kijiji kizima kilipojua na zile reli zikaondoka mchana kweupe, kwa lori, watu wakisaidia kupakia?

MWALIMU: Walilipwa kupakia.

MZEE WA KORONA: Ndiyo nasema.

Hawakukubaliana, nami sikuona sababu ya kuwapatanisha. Mpiga Picha aliandika wilaya, akaacha nafasi wazi mbele yake.

MAMA MWENYE NYUMBA: Mmeshaandika ya chuma, tuje kwangu. Mnakuja lini tena?

MPIGA PICHA: Kipupwe, Bibi. Juni, Julai. Kusi linavuma, anga linakuwa safi, mawingu yanatawanyika vizuri, na barabara haina tope.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kila mwaka mnakuja kipupwe?

MPIGA PICHA: Ndiyo wakati wa mwanga mzuri.

FUNDI CHOKAA: Na ndiyo wakati ambao nyumba haisemi kitu. Ukuta umekauka, ufa umetulia, boriti inajifanya nzima. Mie nikitaka kujua ugonjwa wa nyumba nakuja Aprili, mvua ikipiga siku tatu mfululizo. Natazama maji yanashuka kwa njia ipi, lipu inatuna wapi, wapi panatoa jasho.

MAMA MWENYE NYUMBA: Aprili njoo. Nitakuonyesha mabeseni yangu yanavyopangwa chumbani, kila tundu na lake. Mnapenda mistari, mtaipata.

MPIGA PICHA: Bibi, masika gari halitajaa. Hakuna jua, lensi zinaingia ukungu, kamera ikiloa ndiyo basi tena, na barabara unaijua mwenyewe.

MAMA MWENYE NYUMBA: Barabara naijua, na mie naipita. Usije na gari zima. Njoo peke yako, ulale, nyumba ina vyumba. Chumba cha kati hakivuji sana.

MPIGA PICHA: Na kamera ikiloa?

MZEE WA KORONA: Kuna mfuko wa plastiki. Kipande cha baba, cha tangu ukoloni, kimekaa humo.

FUNDI CHOKAA: Mie nitakuwa juu ya paa asubuhi. Uje na ile fimbo ya mita moja, na picha ya mtoto ya mwaka juzi, kama mwenzenu bado anayo.